Maneno ya Kiingereza na Mahali Yalikotoka

Neno ni kama sarafu ya fedha. Hupita mikononi mwa watu wengi, nao hulitumia kila siku pasipo kutazama kilichoandikwa juu yake. Lakini mtu akilishika na kulitazama vema, huona alama za zamani: nchi ya mbali, vita vilivyokwisha, au kazi isiyofanywa tena. Elimu ya kutafuta asili ya maneno ni elimu ya kuzitazama alama hizo.

Elimu hii inamfaa sana mwanafunzi asemaye Kiswahili ambaye anajifunza Kiingereza. Maana wako watu wasemao ya kwamba Kiingereza ni lugha iliyojitosheleza tangu mwanzo, bali Kiswahili ni lugha ya kuokoteza, kwa sababu kina maneno mengi ya Kiarabu, na mengine ya Kiajemi, ya Kihindi na ya Kireno. Mwanafunzi asikiapo hayo huenda akaionea haya lugha yake. Basi yafaa maneno ya Kiingereza yenyewe yaulizwe kwanza yalikotoka, ndipo hukumu itolewe.

1. Mlinzi wa mkate

Yapata mwaka 450 baada ya kuzaliwa Kristo, kabila tatu, yaani Waangli, Wasaksoni na Wajuti, walianza kuvuka bahari kutoka pande ambazo leo ni Ujerumani ya kaskazini na Denmark, wakaingia katika kisiwa cha Britania. Jina "England" maana yake ni nchi ya Waangli. Lugha ya watu hao ndiyo mifupa ya Kiingereza cha leo. Maneno ya nyumbani, kama "mother", yaani mama, "water", yaani maji, na "sleep", yaani kulala, yalitoka kwao.

Katika maneno yao liko moja la ajabu, nalo ni "lord". Waingereza hulitumia kwa bwana mkubwa, na Wakristo wao hulitumia wamwombapo Mwenyezi Mungu. Hapo kale yalikuwa maneno mawili yaliyounganishwa: "hlaf", yaani mkate, na "weard", yaani mlinzi. Kwa kutamkwa upesi upesi miaka mingi likawa "hlaford", na mwisho likafupika kuwa "lord". Kumbe bwana ni mlinzi wa mkate! Na neno "lady", yaani bibi mwenye nyumba, asili yake ni mkanda mkate. Mtumishi naye katika lugha hiyo ya kale aliweza kuitwa mla mkate.

Kwa majina hayo matatu msomaji aweza kuiona nyumba nzima ya watu wale: mama akikanda unga, baba akilinda chakula kisiporwe, na watumishi wakila katika nyumba yao. Tena liko fundisho. Bwana hakuitwa kwa jina la fimbo yake, wala la utajiri wake, bali kwa jina la kazi aliyowafanyia wengine.

2. Wageni waliokuja na maneno yao

Lugha hiyo haikukaa peke yake. Mwaka 597 mtawa aliyeitwa Augustine alifika Kent, kusini mwa Britania, ametumwa na Papa Gregory wa Rumi ili awahubiri watu Injili. Pamoja na dini yakaja maneno ya Kilatini, na mengine yaliyokuwa ya Kiyunani kabla ya kuingia katika Kilatini. Moja la Kiyunani ni "episkopos", yaani mwangalizi. Waingereza walilikata mbele na nyuma hata likawa "bishop". Waarabu nao walilipokea neno lile lile la Kiyunani kwa njia ya mashariki, likawa "usquf", na kutoka kwao Waswahili wakapata neno askofu. Basi askofu na "bishop", ingawa hayafanani kwa sauti, ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja alipita magharibi na mwenziwe akapita mashariki.

Kilatini kimewapa Waingereza maneno mengine ya kuchekesha. Misuli ya mwili huitwa "muscle". Asili yake ni neno la Kilatini "musculus", na maana yake ni panya mdogo. Mwanafunzi akiukunja mkono wake na kuutazama, ataona kitu kikipanda na kushuka chini ya ngozi kama panya apitaye chini ya mkeka. Warumi waliona hivyo hivyo.

Mwaka 793 walitokea wageni wa namna nyingine. Watu wa Kaskazini, waliotoka Norwei na Denmark kwa merikebu zao, waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, wakaua na kuteka nyara. Baada ya miaka wengi wao walikaa katika nchi, wakalima na kuoa. Waliokuja kama adui wakawa majirani, na jirani humwazima jirani yake. Waingereza walichukua kwao maneno kama "egg", yaani yai, na "knife", yaani kisu. Walichukua pia "window", yaani dirisha. Neno hili lilikuwa "vindauga", na maana yake ni jicho la upepo. Kwa kuwa dirisha la siku zile halikuwa na kioo, lilikuwa tundu ambamo upepo huingia na moshi hutoka. Leo mtu hufunga dirisha la kioo ili upepo usiingie, naye bado huliita jicho la upepo pasipo kujua.

Kisha mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, aliwashinda Waingereza kwa vita karibu na mji wa Hastings, akajifanya mfalme wao. Kwa miaka mingi wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, na wanyonge walisema Kiingereza. Alama ya siku zile ingaliko mpaka leo, tena iko mezani. Ng'ombe akiwa zizini huitwa "cow", neno la wachungaji wa Kiingereza. Nyama yake ikiwa mezani huitwa "beef", neno la Kifaransa. Kondoo malishoni ni "sheep", na nyama yake ni "mutton". Nguruwe ni "pig", na nyama yake ni "pork". Waliochunga waliacha jina lao kwa mnyama, na waliokula waliacha jina lao kwa nyama.

Neno jingine la Kifaransa ni "curfew", yaani amri ya kuwakataza watu kutoka nje usiku. Zamani lilikuwa maneno mawili, maana yake funika moto. Kengele ilipigwa jioni, na kila mtu alipaswa kufunika moto wake kwa majivu kabla ya kulala, kwa maana nyumba nyingi zilikuwa za miti na majani, na cheche moja iliweza kuteketeza mji. Moto haufunikwi tena, bali jina la kazi ile limebaki.

3. Maneno yaliyo ndugu wa Kiswahili

Hata hapa labda mwanafunzi atasema, "Hao wote waliazimana wao kwa wao katika Ulaya." Lakini Waingereza walifika pia katika ghala ile ile ambamo Waswahili walichukua mali. Kwa karne nyingi Waarabu walitawala sehemu ya Hispania, tena walifanya biashara na miji ya Italia. Bidhaa zao ziliingia Ulaya, na kila bidhaa ilikuja na jina lake.

Sukari kwa Kiingereza ni "sugar", na kahawa ni "coffee". Asili ya yote mawili ni maneno ya Kiarabu "sukkar" na "qahwa", na "sukkar" yenyewe Waarabu waliipata kutoka upande wa Bara Hindi. Mkuu wa manowari huitwa "admiral". Neno hilo ni "amir", ndilo amiri katika Kiswahili, lililoshikamana na kile kipande cha Kiarabu "al". Orodha ya ushuru wa bidhaa huitwa "tariff", nalo ni ndugu wa neno taarifa, kwa maana orodha ile ilikuwa taarifa ya kumjulisha mfanya biashara kiasi atakachotozwa.

Neno "magazine" lina safari ndefu zaidi. Kwa Kiarabu "makhazin" ni ghala za kuwekea mali, na katika shina lake ndimo lilimotoka neno hazina. Waingereza walilipata kwa njia ya Italia na Ufaransa, wakalitumia kwa ghala, hasa ghala ya baruti. Mwaka 1731 mtu mmoja wa London, jina lake Edward Cave, alianzisha gazeti la kutoka kila mwezi, akaliita "The Gentleman's Magazine", kana kwamba ni ghala ya habari na maarifa. Tangu siku hizo neno hilo limekuwa jina la majarida ya namna hiyo.

Tena liko neno "monsoon", jina la pepo zinazogeuka kwa majira katika Bahari ya Hindi. Waarabu walisema "mawsim", yaani wakati uliowekwa. Mabaharia wa Kireno walilisikia, wakalitamka kwa namna yao, na kutoka kwao Waingereza wakalipata. Mswahili wa pwani hakuhitaji kwenda mbali kulipata. Alilipokea kwa mabaharia wa majahazi waliokuja na Kaskazi na kurudi na Kusi, akasema msimu. Basi msimu na "monsoon" ni neno moja.

Wala Kiswahili hakikuwa mwenye kupokea tu. Katika karne ya 19 Waingereza waliosafiri bara walichukua neno safari, nalo sasa limo katika kamusi zao. Lakini wamelipunguza. Kwa Mswahili kwenda kumzika jamaa ni safari, na kwenda sokoni mji wa mbali ni safari. Kwa Mwingereza neno hilo ni hasa kwenda kuwinda au kutazama wanyama wa porini. Neno likihamia ugenini huvaa nguo za wenyeji.

4. Kukosea kusikia, na maana zinazogeuka

Maneno mengine yalizaliwa kwa sikio kukosea. Jina la utani huitwa "nickname". Zamani lilikuwa "ekename", yaani jina la kuongeza. Katika Kiingereza neno dogo "an" hutangulia jina la kitu kimoja, na watu waliposema "an ekename" kwa haraka, herufi ya "n" ilirukia upande wa pili, ikawa "a nekename". Kinyume chake kilitokea kwa nguo ya kujifunga mbele wakati wa kupika. Iliitwa "a napron", bali watu walisikia "an apron", na herufi ikapotea.

Mtu asiwacheke Waingereza kwa hayo. Waarabu wana neno "kitab", wala "ki" yake si kitu cha kuondolewa. Waswahili walilisikia, wakaona linafanana na kiti na kisu, wakasema kitabu kimoja, vitabu viwili. Hivyo hivyo walipopokea neno la Kiingereza "club", wakasema kilabu na vilabu. Jambo hilo si ujinga. Ni lugha kumpokea mgeni na kumfundisha sheria za nyumba.

Maana nazo hupanda na kushuka kama watu. Neno "silly" leo maana yake ni mpumbavu. Zamani maana yake ilikuwa mwenye heri. Mwenye heri akawa asiye na hila, asiye na hila akawa wa kuhurumiwa, na mwisho akadharauliwa kuwa mpumbavu. Lakini "nice", ambalo leo ni neno la kusifu chochote kilicho kizuri, lilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya asiyejua kitu. Hivyo moja lilianza juu likashuka chini, na jingine lilianza chini likapanda juu.

5. Mtu aliyegeuka kuwa neno

Katika mwaka 1880 alikuwako katika jimbo la Mayo, nchi ya Ireland, msimamizi wa mashamba aliyeitwa Charles Boycott. Mashamba yalikuwa ya bwana mmoja mkubwa, na wakulima waliyakodi. Mavuno yalikuwa yameharibika miaka iliyotangulia, nao wakaomba wapunguziwe kodi zaidi. Walipokataliwa, na Boycott alipotaka kuwafukuza baadhi yao, watu hawakumpiga wala hawakuichoma nyumba yake. Walimwacha tu. Vibarua walikataa kuvuna, wenye maduka walikataa kumwuzia, na majirani walikataa kusema naye. Ilibidi wavunaji waletwe kutoka mbali, wakilindwa na askari wengi, na gharama ya ulinzi ikapita kabisa thamani ya mazao. Kabla mwaka haujaisha Boycott alikuwa ameondoka Ireland.

Magazeti yaliieneza habari, na jina lake likawa kitenzi: "to boycott", yaani kususia. Boycott alikufa mwaka 1897, lakini neno lake li hai katika lugha nyingi za Ulaya. Mtu hachagui kila mara jambo atakalokumbukwa kwalo.

6. Jinsi habari hizi zilivyokusanywa

Labda mwanafunzi atauliza, "Habari hizi zote zilijulikanaje?" Zilijulikana kwa kazi ya watu wengi wenye subira. Mkubwa wao alikuwa James Murray, Mskoti, mwana wa mshona nguo. Aliacha shule akiwa na miaka 14 kwa kuwa wazazi wake hawakuwa na mali, bali hakuacha kusoma, hata akawa mwalimu. Mwaka 1879 alikubali kuitunga kamusi kubwa ambayo ingeonyesha kila neno la Kiingereza limetoka wapi na limebadilika vipi. Alijenga kibanda cha mabati uani kwake, akawaomba watu wote wasomao Kiingereza wamsaidie. Kila mtu alisoma vitabu, na alipoona neno la kufaa alilinakili katika kipande cha karatasi pamoja na sentensi yake, akakipeleka kwa posta. Haba na haba hujaza kibaba: karatasi zikafika mamilioni.

Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884. Murray alikufa mwaka 1915 kabla kazi haijaisha. Wenzake wakaendelea, na mwaka 1928 kamusi ikakamilika, ina maneno zaidi ya 400,000. Mwenye kuifungua huona wazi ya kuwa sehemu kubwa ya maneno hayo yaliazimwa kutoka kwa mataifa mengine, wala watungaji hawakuona haya kuyaandika hivyo. Waliandika mbele ya kila neno jina la mwenye mali.

Kiswahili nacho kimepata watumishi wake. Kamusi ya Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilichapishwa mwaka 1882. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na wataalamu wa Dar es Salaam, ilitoka mwaka 1981. Lakini yako maneno yasiyoandikwa bado popote: ya wavuvi, ya wahunzi, ya wafinyanzi, ya bibi ajuaye majina ya mimea. Mzee akifa na maneno yake hayajaandikwa, hakuna ajuaye kuyarudisha. Mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi aweza kufanya sasa kazi ile ile waliyoifanya wasaidizi wa Murray.

7. Hukumu

Basi ile hukumu iliyongojwa tangu mwanzo yaweza kutolewa. Mswahili alipata dirisha kwa Mwajemi. Mwingereza alipata lake kwa watu wa Kaskazini. Mswahili alipata meza kwa Mreno. Mwingereza alipata yake kwa Mfaransa. Wote wawili walipata sukari na kahawa kwa Mwarabu. Ikiwa kuazima ni aibu, aibu hiyo ni ya wote. Na ikiwa si aibu kwa Mwingereza, haiwezi kuwa aibu kwa Mswahili.

Tena kuazima hakukuigeuza mifupa ya lugha hizo. Mwingereza angali akilala, akila na kumwita mama yake kwa maneno ya Waangli na Wasaksoni. Mswahili naye asema mtu, mkono, moto, kula na kulala kwa maneno ya Kibantu yaliyo kama ya majirani zake wa bara, na sentensi zake huzipanga kwa sheria za Kibantu. Mkulima akinunua jembe dukani, shamba halikosi kuwa lake. Lugha inayodhoofika si ile iliyoazima maneno, bali ni ile ambayo wenyewe wameacha kuisema na kuiandika.

MASWALI

1. Eleza kwa nini Waingereza wa kale walimwita bwana kuwa ni mlinzi wa mkate.
2. Kwa nini mnyama ana jina moja na nyama yake ina jina jingine katika Kiingereza?
3. Taja maneno manne ya Kiingereza yaliyo ndugu wa maneno ya Kiswahili, ueleze undugu wao.
4. Onyesha jinsi neno "apron" na neno "kitabu" yalivyobadilika kwa sababu ya kusikiwa.
5. Wakulima wa Mayo walimshindaje Boycott pasipo kupigana?
6. Mwulize mzee mmoja maneno matano ya kazi yake usiyoyajua. Yaandike pamoja na maana yake, kila moja katika sentensi yake.